Eksirei ya Kubebeka kwa Ndege, Reptilia na Wanyamapori: Inafaa Wapi, Inakwama Wapi

Seti tunayoitathmini ina vitu vitatu: kichwa cha eksirei kinachoendeshwa kwa betri, paneli ya kidijitali isiyo na waya, na kompyuta mpakato yenye programu ya kupokea picha. Viwanda vingi hutengeneza seti za aina hii, na karatasi za sifa zao zinafanana mno, hata mnunuzi huishia kulinganisha uzito wa kichwa na kilovolti za juu kabisa, yaani uwezo wa mionzi kupenya. Kwa anayetibu kasuku, kobe, sungura, kenge au tumbusi aliyeokotwa porini, namba hizo mbili hazimsaidii sana. Kinachoamua kama picha itasomeka ni muda: mwali unawaka kwa sehemu gani ya sekunde.

Hukumu yetu tuitoe mapema. Kichwa cha kuweka kwenye stendi, chenye nguvu ya kilowati 2 hadi 3, kikiunganishwa na paneli ya siziamu iodaidi (tabaka linalogeuza mionzi kuwa mwanga), tunakipa nyota nne kati ya tano kwa ndege, reptilia na mamalia wadogo. Kile cha kushika mkononi kama kamera, chenye miliampea 5 au pungufu (miliampea ni wingi wa mionzi inayotoka kwa wakati mmoja), tunakipa mbili. Kinafaa kwa miguu, mabawa na meno ya mnyama aliyelazwa usingizi. Kwa kifua cha mnyama anayepumua, hapana.

Hesabu ya muda

Kasuku wa kijivu aliyelazwa chali juu ya paneli nzuri huhitaji takriban kilovolti 50 na miliampea-sekunde 2 (miliampea zikizidishwa kwa sekunde), tyubu inayotoa mionzi ikiwa umbali wa sentimita 100. Kichwa cha miliampea 5 kitatumia sekunde 0.4 kutoa kiasi hicho. Kichwa kinachotoa miliampea 50 kitamaliza kwa sekunde 0.04. Tofauti hiyo ya mara kumi ndiyo unayoilipia, ingawa muuzaji atakuonyesha kwanza jinsi kile kidogo kilivyo chepesi.

Ndege hana kiwambo cha misuli kati ya kifua na tumbo. Hupumua kwa kusogeza kidari, hivyo kila pumzi huhamisha mfupa wa kidari, moyo, ini na kuta za vifuko vya hewa kwa pamoja. Katika sekunde 0.4 mambo yote hayo yamesogea. Ukuta wa kifuko cha hewa, ambao kwa ndege mzima ni mstari mwembamba au hauonekani kabisa, unatoka kama ukungu mnene, na msomaji asiyejua muda uliotumika ataandika kwamba vifuko vina uvimbe. Kwa sungura ni hivyohivyo: mapafu yake ni madogo, moyo unakaribia kujaza kifua, na picha iliyotikisika huficha vinundu vidogo ambavyo ndivyo vilivyokuwa vikitafutwa.

Aliyenacho tayari kile cha miliampea 5 ana njia tatu za kupunguza madhara. Ya kwanza ni kusogeza tyubu: kutoka sentimita 100 hadi 70, mwali unaohitajika hupungua hadi karibu nusu, na sekunde 0.4 huwa 0.2. Ya pili ni kupandisha kilovolti kwa asilimia 15, kutoka 50 hadi 57 au 58, na kukata miliampea-sekunde kwa nusu. Utapoteza kidogo utofauti wa weusi na weupe, lakini paneli ya kidijitali huvumilia hilo kuliko filamu ilivyowahi kuvumilia. Ya tatu ni kumlaza mnyama kwa gesi ya usingizi ya aisoflureni na kupiga picha pumzi ikiwa imejaa. Ukitumia zote tatu utafika kwenye sekunde 0.1. Hapo unaweza kusoma mifupa kwa uhakika na viungo vya ndani kwa tahadhari.

Kusogeza tyubu kuna gharama yake, na gharama hiyo haifanani kwa kila mkao. Ukungu wa jiometri hutokana na ukubwa wa doa ambamo mwali huzaliwa. Kwa doa la milimita 0.8, kiungo kilicho sentimita 4 juu ya paneli, tyubu ikiwa sentimita 70 kutoka kwenye paneli, hupata ukungu wa milimita 0.05 hivi. Huo ni nusu ya pikseli (nukta moja ya picha) ya milimita 0.1, wala hautauona. Lakini kobe mwenye upana wa sentimita 20 anapopigwa kwa ubavu, mstari wa katikati ya mwili wake uko sentimita 10 kutoka kwenye paneli. Kwa umbali wa sentimita 70 ukungu unafika milimita 0.13, mkubwa kuliko pikseli. Ukirudi sentimita 100, unashuka hadi 0.09. Kwa hiyo ndege msogelee, kobe rudi nyuma. Uzuri ni kwamba kobe hupumua taratibu, na muda mrefu kwake hauna hasara kubwa.

Paneli ndiyo iliyobeba thamani

Kama pesa inatosha kuboresha kitu kimoja tu, iende kwenye paneli. Pikseli ya milimita 0.1 hutenganisha jozi 5 za mistari katika kila milimita. Pikseli ya 0.14, ambayo ni ya kawaida kwenye paneli za hospitali za watu, hushuka hadi 3.6 hivi. Kwa nyonga ya mbwa mkubwa hutaona tofauti. Kwa mguu wa ndege wa gramu 30, au ufa wa taya la simbilisi, utaiona mara moja.

Tabaka linalogeuza mionzi kuwa mwanga ndilo la kuuliza baada ya hapo. Siziamu iodaidi hukua kwa umbo la sindano zilizosimama, na mwanga hushuka ndani ya sindano bila kusambaa sana pembeni. Tabaka la gadolini ni unga: mwanga husambaa, na ili kupata picha yenye chembechembe chache za kelele inabidi uongeze mwali. Kuongeza mwali maana yake ni kuongeza muda, na tunarudi palepale. Paneli ya gadolini ni rahisi na haiogopi sana joto au kugongwa, kwa hiyo inafaa kwa kwato na miguu ya wanyama wakubwa. Kuiunganisha na kichwa cha miliampea 5 kwa ajili ya ndege ni kuchanganya udhaifu wa aina mbili.

Kuna hitilafu moja ambayo karatasi za sifa hazisemi kamwe. Paneli nyingi zisizo na waya hutambua zenyewe kwamba mwali umeanza, ndipo zikaanza kukusanya picha. Utambuzi huo ulipangwa kwa mwili wa mtu na mashine ya hospitali. Ukibana mwali hadi ukubwa wa kinyonga, ukatumia kilovolti 42 na miliampea chache, mionzi inayoifikia paneli inaweza kuwa dhaifu mno au ikaikosa kabisa sehemu yenye vitambuzi. Matokeo ni picha tupu, na mnyama ameshapigwa mionzi bure. Ikitokea, fungua mwali kidogo ili sehemu ya paneli isiyofunikwa na mnyama ipate mionzi ya moja kwa moja, au pandisha miliampea na kufupisha muda. Dawa ya kweli ni waya wa kuunganisha kitufe cha kichwa na paneli, ili vianze kwa pamoja. Uliza kama seti inakubali waya huo. Kama haikubali, nyota moja inatoka.

Programu nayo huja na mipangilio ya mbwa na paka, pengine na ukurasa ulioandikwa "ndege" ambao ni ule wa mguu wa paka uliobadilishwa jina. Jambo la kuangalia ni unoaji wa kingo, yaani programu inavyokoleza mipaka ya vitu kwenye picha. Ukiwa mkali mno, huzungusha utando mweusi kuzunguka kila kitu cheupe. Pini iliyowekwa kwenye mfupa wa bawa itaonekana imelegea wakati imeshika vizuri, na mnyama atafunguliwa upya bila sababu. Punguza unoaji hadi utando upotee, hifadhi mpangilio huo kwa jina lake, na weka mwingine kwa kifua. Usiamini sana namba inayoonyesha kama mwali ulitosha. Kwa kanuni yake, sifuri ni sawasawa na lengo, +3 ni mara mbili na −3 ni nusu. Lakini mnyama akifunika sehemu ndogo ya paneli, programu huchanganya eneo tupu na mwili, na namba inakosa maana. Kuza picha, utazame chembechembe za kelele ndani ya ini au misuli. Hapo ndipo utajua.

Mwali wa mlalo: hapa seti hii inashinda

Mashine ya kudumu, yenye tyubu inayoning'inia juu ya meza, mara nyingi haigeuki kirahisi kupiga kwa ubavu. Kichwa cha kubebeka kwenye stendi ya miguu mitatu hugeuzwa kwa dakika moja, na kwa reptilia hilo ni jambo kubwa.

Kobe huhitaji picha tatu. Ya kwanza ni ya kutoka juu kwenda chini, akiwa amelala kwa tumbo, nayo huonyesha mifupa, mayai yenye ganda, mawe ya kibofu, na changarawe alizomeza. Mbili zinazofuata ni za mwali wa mlalo: moja ya ubavuni, nyingine ya kutoka kichwani kwenda mkiani. Mapafu ya kobe yako juu, chini ya gamba la mgongo, na viungo vingine viko chini yake. Ukimgeuza ubavu ili utumie mwali wa kushuka, matumbo huhamia upande mmoja na kuyabana mapafu, kisha picha inaonyesha nimonia isiyokuwepo. Ile ya kichwani kwenda mkiani ndiyo pekee inayoweka pafu la kulia na la kushoto kando kwa kando, na ndiyo inayorukwa zaidi na wenye haraka.

Mweke juu ya kopo au kigogo cha plastiki kilicho chembamba kuliko tumbo lake, miguu ining'inie bila kugusa chini. Hawezi kutembea, na mara nyingi atatoa kichwa na miguu nje, hivyo mabega na nyonga hazifuniki mapafu. Paneli isimame wima ikigusa gamba. Hakikisha kwa pima-maji kwamba mwali uko sawa na meza, kwa sababu mwinamo mdogo tu huvuta kivuli cha mabega ndani ya mapafu.

Mijusi wakubwa, kenge wakiwemo, hupigwa vilevile wakiwa wamelala kwa tumbo. Pamba laini juu ya macho yaliyofumbwa, ikashikiliwa na bandeji iliyozungushwa kichwani bila kukaza, huwatuliza wengi wao kwa dakika kadhaa bila dawa, mradi chumba kiwe kimya na kisiwe na baridi. Nyoka apite ndani ya bomba la plastiki angavu na apigwe kipande kwa kipande, kila kipande kikiwekewa alama ya risasi yenye namba, na vipande vipishane kidogo. Picha ya nyoka aliyejikunja humwonyesha mwenye mnyama kwamba kazi imefanyika, lakini haiwezi kusema uvimbe uko kwenye mbavu ya ngapi.

Ndege anayehema kwa shida naye anafaidika. Asilazwe chali. Mwache asimame kwenye kijiti ndani ya kisanduku cha plastiki angavu, mwali uje wa mlalo. Picha haitakuwa nzuri, lakini itaonyesha yai lililokwama au metali tumboni, na ndege atakuwa bado hai.

Mkao wa ndege aliyelala

Picha nzuri ya ndege ni ile ambayo kivuli cha mfupa wa kidari kimelala juu ya uti wa mgongo kama mstari mmoja, na mabawa yamevutwa nje sawasawa. Miguu ivutwe nyuma ili isifunike tumbo. Kwa ubavu, vichwa vya mifupa ya paja vipishane. Mzunguko kidogo unatosha kuufanya moyo na ini vya kasuku vipoteze kile kiuno chembamba kati yao, na hapo mtu ataita ini limevimba. Mabawa yashikwe kwa tepu ya karatasi, ambayo huachia manyoya bila kuyang'oa. Mfuko wa mchanga hauwekwi juu ya kidari hata kidogo: ukizuia kidari umezuia pumzi.

Kuhusu metali, seti hii hufanya kazi bora. Hata paneli ya wastani huonyesha chembe ya risasi au zinki ndani ya firigisi. Kosa liko kwenye usomaji. Changarawe za kusagia chakula nazo ni nyeupe, ila weupe wake unalingana na mfupa au kuuzidi kidogo, wakati metali hung'aa kwa kingo kali. Eksirei haitofautishi risasi na zinki. Tena, tumbo safi halimwondolei tumbusi au tai sumu ya risasi, maana chembe zinaweza kuwa zimeshayeyuka au kutapikwa pamoja na manyoya na mifupa, huku sumu ikibaki kwenye damu. Kwa ndege mla mizoga mwenye dalili, pima damu hata picha ikiwa safi.

Porini

Kwa mnyama aliyepigwa sindano ya usingizi, kila kitu kipangwe kabla hajaanguka: betri zimejaa, paneli imeunganishwa na kompyuta kupitia mtandao wake yenyewe, mpangilio wa mwali umeshawekwa. Paneli nyingi huruhusiwa kufanya kazi hadi nyuzi joto 35 hivi, na jua la mchana juu ya bamba jeusi huvuka hapo upesi. Ifunike kwa kitambaa cheupe na upige upya picha ya urekebishaji bila mwali joto linapobadilika, la sivyo mistari ya wima itatokea. Ukiitoa kwenye gari lenye kiyoyozi na kuipeleka kwenye hewa yenye unyevu, iache ndani ya begi lake hadi ipate joto, kwani matone ya maji yakijikusanya juu yake hupenya kwenye viunganishi.

Mguu wa tembo hupigika kwa seti hii kidole kimoja kimoja, mguu ukiwa umeinuliwa juu ya kigogo na mwali ukielekezwa kwenye kila ukucha. Kifua na tumbo lake havipigiki kwa kifaa chochote cha kubebeka. Karatasi ya sifa hutaja uzito ambao paneli inahimili ukisambazwa sehemu yote. Wewe tafuta namba ya pili, ya uzito unaokaa sehemu moja ndogo, ambayo huwa ndogo zaidi. Kwa wanyama wenye kwato, paneli ikae ndani ya sanduku la mbao ngumu au plastiki nene lenye pengo, wasiikanyage moja kwa moja.

Kwa safari ya ndege, betri ya lithiamu isiyozidi saa-wati 100 kwa kawaida haihitaji kibali, ya 100 hadi 160 huhitaji idhini ya shirika, na za akiba husafiri kwenye mzigo wa mkononi. Kuna vichwa vya eksirei vyenye betri kubwa kuliko hapo, na mnunuzi hugundua akiwa uwanjani. Soma kibandiko cha betri kabla ya kununua.

Usalama

Kifaa cha kushika mkononi kinashawishi mtu akishike kwa mkono mmoja na kumshika mnyama kwa mkono wa pili. Hilo lisifanyike. Kiweke kwenye stendi, tumia kitufe cha waya mrefu au cha mbali, na usimame mita 2 au zaidi, kwa sababu ukitoka mita 1 hadi 2 mionzi inayokufikia hupungua hadi robo. Aproni ya risasi ya milimita 0.5 imetengenezwa kwa mionzi iliyotawanyika, si kwa mwali wenyewe. Glavu vilevile: haikupi ruhusa ya kuingiza mkono kwenye mwali. Katika mwali wa mlalo, angalia kilicho nyuma ya paneli kabla ya kubonyeza, kwani ukuta wa turubai hauzuii chochote. Kila anayefanya kazi hii mara kwa mara avae kipimo cha mionzi. Kikomo kinachopendekezwa na Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi kwa wafanyakazi ni milisiveti 20 (kipimo cha madhara ya mionzi mwilini) kwa mwaka, kwa wastani wa miaka 5.

Maabara

Kwa utafiti wa panya wadogo, usinunue. Vijiti vya mfupa wa ndani wa panya vina unene wa karibu milimita 0.05, nusu ya pikseli bora kwenye seti hizi. Kazi hiyo ni ya kabati la eksirei lenye ukuzaji, au CT ndogo ya maabara, yaani eksirei inayomzunguka mnyama na kujenga picha za matabaka. Nayo CT ina shida yake: kila mzunguko humpa mnyama mionzi ya makumi hadi mamia ya miligrei (kipimo cha mionzi inayofyonzwa na mwili), kwa hiyo utafiti unaorudia picha kila wiki lazima uhesabu jumla yake, isije mionzi yenyewe ikabadilisha uvimbe au damu inayopimwa.

Na anayehitaji hasa kuona mayai ya kobe ambayo bado hayajapata ganda anunue ultrasaundi. Eksirei haiyaoni. Probu ndogo ikiwekwa kwenye ngozi laini mbele ya mguu wa nyuma huyaonyesha vizuri.

Kabla ya kulipa

Panga sarafu mbili kwenye kila ukingo wa kingo nne za mwanga unaoonyesha mipaka ya mwali, moja ikigusa ukingo kwa ndani na nyingine kwa nje, kisha piga picha. Mwanga na mionzi vikipishana zaidi ya asilimia 2 ya umbali wa tyubu, yaani sentimita 2 kwa sentimita 100, kichwa kirudishwe kikarekebishwe, maana kwa mnyama wa sentimita 8 kosa hilo hukata robo ya mwili. Piga kuku mzima aliyechinjwa, mwenye kipande cha waya mwembamba ndani, kwa mpangilio utakaoutumia kwa kasuku, na udai faili ya DICOM (muundo wa kawaida wa picha za kitabibu) isiyonolewa pamoja na ile iliyonolewa. Piga mara kumi mfululizo uone kama kichwa kinadai kupoa. Vingine vina uwiano wa kupumzika wa 1 kwa 60, ambapo mwali wa sekunde 0.5 hudai sekunde 30 za kungoja huku mnyama akiwa chini ya usingizi. Mwisho piga paneli tupu kwa mwali dhaifu, ukuze picha hadi uone pikseli zilizokufa na mistari hafifu. Faili hiyo ihifadhi: ndiyo utakayoilinganisha na mpya siku paneli itakapoanguka au kurudi kutoka kwa fundi.